Biskuti za Matunda za Daftari la Bibi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mapishi haya yametoka katika daftari la bibi yangu mzaa mama. Ukurasa wake una mistari saba tu, na mstari wa tano unasema: "matunda, kama kawaida." Kwa sababu ya maneno hayo matatu nilioka biskuti kwa miaka mingi bila kuzipata zile nilizozila utotoni. Kawaida ya bibi ilikuwa mikononi mwake, na daftari halikuibeba.

Kila ninapompa mtu mapishi haya, maswali yanayonirudia ni yale yale. Majibu yake nimeyaweka hapa, na mengi yanahusu mapishi yoyote ya zamani yaliyoandikwa kwa mkato.

## Mapishi yenyewe

Vinahitajika vitu gani, na kwa kiasi gani?

Siagi gramu 115, sukari ya kahawia gramu 150, yai moja kubwa, unga wa ngano wa kawaida gramu 190, maziwa mgando vijiko vikubwa 2, bekingi soda robo kijiko cha chai, chumvi robo kijiko cha chai, mdalasini wa unga kijiko kimoja cha chai, kungumanga ya kukwaruza kidogo. Kisha matunda makavu gramu 200, yapimwe kabla ya kurowekwa, na lozi au jozi zilizokatwakatwa gramu 60. Hutoka biskuti 24 hadi 26.

Hatua zake ni zipi, kwa ufupi?

Roweka matunda, yachuje, yakaushe. Chapa siagi na sukari hadi zipauke na kuwa laini, kama dakika tatu. Tia yai, chapa tena, kisha tia maziwa mgando. Chekecha unga pamoja na soda, chumvi na viungo, umimine ndani na kukoroga kwa mwiko mpaka weupe wa unga upotee tu. Hapo ndipo matunda na lozi huingia.

Weka donge kwenye friji kwa saa moja. Chota vibonge vya gramu 30 hivi, vipange kwenye trei yenye karatasi ya kuokea kwa nafasi ya vidole vitatu, uvibonyeze kidogo. Oka kwa nyuzi joto 175 hadi 180 za sentigredi, dakika 11 hadi 14. Ziache zitulie juu ya trei dakika tano kabla ya kuzihamisha, kwa kuwa zikiwa moto huvunjika.

Je, ni lazima niwe na mizani?

Si lazima, ila mizani itakuondolea nusu ya maswali yaliyo hapa chini. Unga ndio unaodanganya kuliko vyote. Kikombe cha mililita 240 kikijazwa kwa kijiko na kusawazishwa kwa kisu hubeba kama gramu 125. Kikombe hicho hicho kikichovywa ndani ya mfuko na kukandamizwa hufika gramu 150 au kuzidi. Tofauti hiyo inatosha kugeuza biskuti laini kuwa kavu. Kama huna mizani, koroga unga kwanza upate hewa, jaza kwa kijiko, sawazisha, usitikise kikombe.

Nina bekingi pauda tu, sina soda. Itafaa?

Itafaa. Tumia kijiko kimoja cha chai cha bekingi pauda mahali pa robo kijiko cha soda, na badala ya maziwa mgando tia maziwa ya kawaida. Soda huhitaji kitu kichachu ili itoe gesi, na hapa uchachu unatoka kwenye maziwa mgando na sukari ya kahawia. Pauda huja na uchachu wake ndani. Biskuti zitapauka kidogo kuliko zile za soda.

Ukiwa na soda lakini huna maziwa mgando, tia matone ya ndimu, nusu kijiko cha chai, katika vijiko vikubwa viwili vya maziwa mabichi, uyaache dakika tano yakatike.

## Kusoma mapishi ya zamani

"Kikombe", "siagi kiasi cha yai", "soda ncha ya kisu": hivi vina maana gani?

Siagi kiasi cha yai ni kama gramu 55 hadi 60. Ncha ya kisu ni karibu moja ya nane ya kijiko cha chai. Kijiko kikubwa kwa kawaida ni mililita 15, isipokuwa katika mapishi ya Australia, ambako ni 20.

Kikombe ndicho chenye mtego. Katika mapishi ya Marekani ni kama mililita 240, ya Australia ni 250, na katika mapishi ya zamani ya Uingereza huwa ni nusu painti, yaani 284. Lakini mapishi ya nyumbani mara nyingi hayakutumia kikombe chochote kati ya hivyo. Yalitumia kikombe cha chai kilichokuwa kabatini. Kama kikombe hicho bado kipo, kijaze maji hadi mahali mwenyewe alipozoea kukijaza, kisha uyapime maji. Cha bibi kilibeba mililita 200, si 240. Nilikuwa nazidisha unga na sukari kwa moja ya tano miaka yote hiyo, huku yai likibaki lile lile moja.

Vipimo vya kusawazisha kwa kisu navyo si vya kale sana. Fannie Farmer, mwalimu wa upishi wa Marekani, ndiye aliyevieneza kuanzia mwaka 1896. Mtu aliyejifunzia jikoni kwa mama yake huenda hakuwahi kusawazisha kijiko maishani. Kijiko chake kilikuwa na kilima.

"Oveni ya wastani" ni nyuzi ngapi?

Oveni ya polepole ni kama nyuzi 150, ya wastani 180, na ya moto 200 hadi 220. Ukikuta Farenhaiti, 350 ni sawa na 177 za sentigredi.

Oveni za gesi zenye kidhibiti joto zilianza kuenea Uingereza miaka ya 1920. Kabla ya hapo mpishi aliweka karatasi nyeupe au unga kidogo ndani na kutazama unavyobadilika rangi, au aliingiza mkono na kuhesabu. Kwa hiyo mapishi yanaposema "oka mpaka ziwe tayari", mwandishi hakuwa mvivu. Dakika zisingemsaidia mtu ambaye moto wake hubadilika kila siku. Fuata alama za kuiva (tazama *Nitajuaje kuwa zimeiva?*) kuliko saa.

Daftari limeruka hatua nzima. Nitajuaje kilichoachwa?

Mapishi ya familia yaliandikwa na mtu anayejua, kwa ajili ya kujikumbusha. Aliandika anachoweza kusahau, yaani kiasi cha soda au idadi ya mayai. Asichoweza kusahau hakukiandika, na mara nyingi hicho ndicho unachokitafuta wewe.

Kama yupo aliyewahi kusimama naye jikoni, usimuulize "aliweka kiasi gani?" Atakwambia "kiasi" tu, naye anasema kweli. Muulize mambo ambayo mwili unayakumbuka. Donge lilishika vidole au liliachia? Alichota kwa kijiko au alifinyanga kwa viganja? Nyumba ilinukia nini kabla ya oveni kuwashwa? Swali hili la mwisho ndilo lililonifungulia mimi. Mama mkubwa, dada yake mama, alinijibu bila kufikiri: "Chai." Sikuwa nimewahi kusikia habari ya chai. Kumbe bibi aliroweka matunda ndani ya chai ya rangi iliyobaki asubuhi, na hakuona haja ya kuliandika jambo la kila siku.

Njia bora zaidi ni kuoka pamoja na mtu huyo akiwa bado ana nguvu. Usimzuie wala usimpe vijiko vya kupimia. Pima chombo cha unga kabla hajaanza kuchota na baada ya kumaliza. Tofauti ndiyo aliyotumia. Fanya hivyo kwa sukari na siagi pia. Yeye atapika kwa mkono wake, na wewe utaondoka na gramu.

Nimefuata kila kitu, lakini hazifanani na ninazozikumbuka. Kwa nini?

Huenda vitu vyenyewe vimebadilika. Mayai ya zamani ya nyumbani mara nyingi yalikuwa madogo. Yai kubwa la sasa bila ganda ni kama gramu 50. Mafuta yaliyotumika yanaweza kuwa ya nguruwe au samli, ambayo hayana maji, wakati siagi ina maji karibu asilimia 16. Unga ulisagwa tofauti. Zabibu kavu zilikuwa na mbegu.

Badilisha jambo moja kila unapooka, na uoke nusu ya kipimo ili usipoteze vitu (yai lipige kwanza, kisha gawa gramu 25). Ukibadilisha sukari, siagi na joto kwa siku moja, hata ukifaulu hutajua umefaulu kwa lipi. Kwangu ilichukua mizunguko sita. Wa kwanza ulinirudishia rangi, wa tatu harufu, na mguso wa katikati ndio uliokuja mwisho.

## Matunda

Ni matunda gani yanafaa?

Zabibu kavu ndizo msingi, kwa kuwa ni ndogo, zina uchachu kidogo na hazisambaratiki. Tende huleta utamu mzito na ulaini. Aprikoti kavu huleta uchachu ambao biskuti tamu inauhitaji sana. Maganda ya chungwa yaliyokolezwa sukari huleta harufu. Embe na nanasi kavu hufaa pia, ila zile zilizopakwa sukari juu zioshe kwanza.

Mimi hutumia zabibu gramu 100, tende 50, aprikoti 30 na maganda ya chungwa 20. Ukiongeza tende kupita nusu ya matunda yote, punguza sukari kwa gramu 20 au 30, la sivyo biskuti zitanata menoni.

Kwa nini matunda makavu yarowekwe?

Zabibu kavu ina maji kama asilimia 15 tu, wakati ile mbichi ina karibu asilimia 80. Ukiitia kavu ndani ya donge, itayafyonza maji ya donge lenyewe. Unga utakosa unyevu, biskuti itakauka mapema, na zabibu zilizo juu zitaungua na kuwa chungu kama mbegu zilizokaangwa kupita kiasi. Zabibu iliyokwisha kunywa haidai tena. Siku inayofuata zabibu hiyo huanza kurudisha unyevu polepole kwa biskuti, na ndiyo sababu biskuti hizi huwa nzuri zaidi siku ya pili.

Nikilazimika kutaja hatua moja isiyorukwa katika mapishi haya yote, ni hii. Soda isiyo kamili utaila na kusamehe. Matunda makavu yaliyotiwa kama yalivyo hayana dawa.

Niroweke katika nini, na kwa muda gani?

Chai ya rangi ya moto, isiyo na sukari wala maziwa, ya kufunika matunda tu. Dakika 40 zinatosha. Uchungu wa chai huzuia utamu usizidi, ingawa ladha yenyewe ya chai haionekani. Maji ya chungwa nayo ni mazuri: yapashe moto, yamimine, acha dakika 40, au yaache baridi kwenye friji usiku kucha. Wapo wanaotumia ramu au brandi. Pombe hupungua motoni lakini haiishi yote, kwa hiyo mwambie mlaji. Maji matupu ya moto hulainisha lakini huchukua utamu bila kurudisha kitu.

Tende laini zisirowekwe zaidi ya dakika kumi. Zitageuka uji.

Usimwage chai iliyobaki baada ya kuchuja. Imebeba sukari ya matunda. Vijiko viwili vyake vinaweza kushika nafasi ya maziwa mgando ukitumia bekingi pauda.

Baada ya kuroweka, niyakaushe kiasi gani?

Mpaka kitambaa kisilowe. Yachuje dakika kumi, yatandaze juu ya kitambaa safi, yafunike kwa kingine, ubonyeze kwa kiganja. Chukua zabibu moja, ibonyeze kwenye sehemu kavu ya kitambaa: ikiacha doa la maji, bado.

Ukiwa na mizani ni rahisi zaidi. Gramu 200 za matunda yangu, baada ya kurowekwa na kukaushwa, huwa kati ya 230 na 240. Nikikuta 260 najua nina maji ya kijiko kikubwa kizima na zaidi yanayosubiri kulilegeza donge. Karibu kila mtu anayenitumia picha ya biskuti zilizosambaa kama chapati aliroweka vizuri, kisha akawa na haraka hapa.

Niyakate ukubwa gani?

Ukubwa wa zabibu. Kipande kikubwa cha aprikoti huacha tundu lenye maji kuzunguka lenyewe. Paka kisu mafuta kidogo ili tende zisishike, na kata kila tende kwa mkono hata kama pakiti inasema hazina kokwa. Kokwa moja iliyosahaulika inaweza kuvunja jino la mtu.

Naweza kutumia matunda mabichi?

Unaweza, lakini utapata kitu kingine. Ndizi iliyopondwa au tufaha lililokwaruzwa huleta maji mengi, biskuti huumuka kama keki ndogo, hubaki laini, na hukaa siku mbili au tatu tu kabla ya kuanza ukungu. Nanasi bichi na embe bichi huvuja zaidi. Ukitaka kujaribu, kwaruza tufaha, likamue kwa kitambaa, tumia gramu 100 zisizozidi, na uache kabisa maziwa mgando.

Maganda ya chungwa ya sukari nitayatengenezaje?

Menya maganda ya machungwa matatu yaliyosuguliwa kwa maji ya moto, uyakate vipande vyembamba. Yachemshe kwa maji mapya dakika tano, mwaga maji. Rudia mara mbili zaidi. Hapo uchungu umeondoka. Kisha chemsha sukari na maji kwa uzito sawa, gramu 200 kwa 200, tia maganda, acha moto mdogo dakika 45 hivi mpaka yaanze kupitisha mwanga. Yatandaze juu ya waya yakauke usiku mzima. Haya hayarowekwi.

Aprikoti nyingine ni za rangi ya chungwa, nyingine za kahawia. Nichukue zipi?

Za rangi ya chungwa zimetiwa salfa ili zisibadilike rangi; za kahawia hazijatiwa, na utamu wake ni mzito zaidi. Zote zinafaa. Ila watu wengine wenye pumu hubanwa na kifua kwa sababu ya salfa, kwa hiyo ukiwaokea watu usiowajua afya zao, chagua za kahawia.

## Donge na oveni

Siagi iwe laini kiasi gani?

Kidole kiingie bila kusukuma kwa nguvu, na shimo libaki na umbo lake. Hiyo ni kama nyuzi 18 hadi 20. Siagi iliyoanza kung'aa imekwisha kuyeyuka sehemu. Haitashika hewa, hata uichape vipi. Irudishe kwenye friji dakika kumi.

Je, friji ni lazima?

Kwa biskuti hizi, ndiyo. Siagi baridi huchelewa kuyeyuka, hivyo kingo hushika kabla biskuti haijatanuka. Unga nao hupata muda wa kunywa maji. Saa moja inatosha, na usiku mzima ni bora, kwa kuwa rangi hukolea na viungo huenea. Zaidi ya siku mbili sipendi, maana matunda huanza kulilegeza donge.

Nitajuaje kuwa zimeiva?

Kingo ziwe za kahawia na zimeshika, katikati iwe imepoteza mng'ao lakini bado ukibonyeza kwa kidole inabonyea. Ukisubiri katikati ikauke ndani ya oveni, umechelewa. Joto la trei linaendelea kuzipika. Inua moja kwa kisu utazame chini: iwe rangi ya asali iliyokolea.

Pua pia ni kipimo. Harufu ya mdalasini huja kwanza, kisha ya siagi, kisha harufu kama ya sukari inayokaangwa. Ikija hiyo ya tatu, fungua mlango.

Oveni yangu huunguza upande mmoja.

Geuza trei katikati ya muda, na oka trei moja kwa wakati kwenye kitako cha katikati. Kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani kitakuonyesha kama nyuzi 180 za kitufe ni 180 kweli. Za kwangu ni 195.

## Zikienda mrama

Zimesambaa na kuungana.

Kwa kawaida sababu ni matunda yenye maji (tazama *Baada ya kuroweka, niyakaushe kiasi gani?*), siagi iliyoyeyuka, au trei iliyokuwa bado moto ulipopanga mkupuo wa pili. Kabla ya kuongeza unga, oka biskuti moja ya majaribio. Ikisambaa, rudisha donge kwenye friji kwa nusu saa, ujaribu tena. Ikisambaa bado, ndipo utie kijiko kikubwa kimoja cha unga.

Zimekuwa ngumu kama mawe.

Unga umezidi, au zimekaa motoni, au umekoroga sana baada ya kutia unga. Zilizokwisha kuwa ngumu zifungie kwenye kopo pamoja na kipande cha mkate kwa usiku mmoja. Zitavuta unyevu wake. Zisipolainika, zisage zitumike chini ya keki ya jibini.

Zina ladha ya sabuni.

Soda imezidi au haikuchekechwa. Robo kijiko ni kijiko kilichosawazishwa, kisicho na kilima.

Hazikuumuka kabisa.

Soda au pauda imezeeka. Soda itie ndani ya siki, pauda ndani ya maji ya moto. Isipofoka papo hapo, itupe.

## Kuhifadhi na usalama

Zinakaa muda gani?

Siku saba hadi kumi ndani ya kopo linalofunga vizuri, mahali pasipo joto. Zipoe kabisa kwanza, kwani mvuke uliofungiwa ndio unaoleta ukungu. Weka karatasi kati ya tabaka na tabaka. Usizichanganye na biskuti kavu kopo moja, maana zile kavu zitalainika na hizi zitakauka.

Donge linaweza kugandishwa?

Linaweza, hadi miezi mitatu. Gandisha vibonge vikiwa vimetengana kwenye trei, kisha uvitie mfukoni. Oka bila kuyeyusha, ukiongeza dakika mbili.

Watoto wanapenda kuramba donge bichi. Kuna shida?

Ipo. Yai bichi linaweza kuwa na bakteria wa salmonela, na unga mbichi nao haujapikwa. Unaweza kubeba vijidudu vya kuumiza tumbo. Wape watoto matunda yaliyokwisha rowekwa wayaonje badala yake. Kwa walio chini ya miaka mitano saga lozi ziwe unga, maana vipande vinaweza kuwakaba.

Na mbwa wa nyumbani?

Asipewe hata moja. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo za mbwa, na kiasi kidogo kinaweza kutosha. Akiiba, mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kungoja dalili.

## Hali zisizo za kawaida

Bila yai au bila maziwa?

Yai moja: mbegu za kitani zilizosagwa kijiko kikubwa kimoja na maji vijiko vitatu, acha dakika kumi ziwe ute. Maziwa na siagi: tumia siagi ya mimea ya kipande, si ile laini ya kopo, ambayo ina maji mengi. Kwa asiyekula ngano, mchanganyiko wa unga usio na gluteni hufanya kazi, lakini lipumzishe donge usiku mzima, la sivyo utasikia mchanga mdomoni.

Sina oveni.

Tumia sufuria nzito yenye mfuniko unaobana. Weka kitako cha waya au mawe safi makavu chini, pasha moto mdogo dakika 15, kisha ingiza sahani ya bati yenye biskuti chache ndogo. Dakika 15 hadi 20. Kama moto ni wa mkaa, weka makaa machache juu ya mfuniko ili sehemu ya juu nayo ipate rangi. Sufuria zenye utando wa kuzuia kugandia hazifai. Zikipashwa tupu utando hutoa moshi wenye madhara.

Ninaishi nyanda za juu. Nibadilishe nini?

Kuanzia mita 1,000 hivi kwenda juu, gesi hutanuka zaidi na maji huondoka mapema. Punguza soda kidogo, punguza sukari kijiko kikubwa kimoja, ongeza unga kijiko kikubwa kimoja. Anza na hayo uone.

Mapishi yangu ya zamani yanataja amonia ya kuokea. Ni nini?

Ni amonia bikaboneti, kiumulishi kilichotumika sana kabla bekingi pauda haijaenea. Alfred Bird, mfamasia wa Uingereza, alitengeneza bekingi pauda yake mwaka 1843. Amonia hii ikipata joto hugeuka yote kuwa gesi na mvuke, na biskuti nyembamba hutoka kavu na za kukatika vizuri. Kwa biskuti nene zenye matunda haifai, kwa kuwa harufu hubaki imenaswa ndani ya unyevu. Ukiitumia, fungua dirisha, na donge bichi lisionjwe kabisa. Mahali pake hapa weka bekingi pauda tu.

Nikishapata vipimo sahihi, nirekebishe daftari la zamani?

Usifute kitu. Piga picha kila ukurasa kwanza, kwenye mwanga wa mchana bila flashi, pamoja na madoa ya mafuta, kwa kuwa doa nalo huonyesha ukurasa uliotumika sana. Weka daftari mbali na jua na mvuke wa jikoni. Maelezo yako yaandike kwa penseli pembeni, na tarehe, ili atakayekuja ajue mkono upi ni wa nani.

Ukurasa wetu sasa una mstari wa penseli kando ya wino wa bibi, alioniamuru mama mkubwa niuandike siku tulipozipata: "Gramu 200. Chai ya rangi, ya moto, dakika 40. Kausha mpaka kitambaa kisilowe."